MATABAKA YA KOMPYUTA: SAFARI YA HERUFI "BA" KUTOKA KIDOLENI HADI KIOONI



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapenzi, katika toleo hili tumeona ni vyema tuwaletee somo kuhusu kompyuta. Si somo la namna ya kuiwasha na kuizima, wala namna ya kuandika barua, kwani hayo wengi wenu mnayajua. Somo letu ni jinsi kompyuta ilivyojengwa kwa matabaka, moja juu ya jingine, na kwa nini mtu asiyeyajua matabaka hayo hupoteza fedha, hupoteza kazi yake, na wakati mwingine hutoa siri za nyumba yake bila kukusudia. Tunaposema kompyuta tunaingiza na simu ya mkononi, kwani nayo ni kompyuta kamili.

1. MAANA YA TABAKA

Tuchukue mfano wa kanzu. Mzazi anapotaka kanzu ya mwanawe huenda kwa fundi cherehani, akampimisha mtoto, akachagua rangi, akaambiwa siku ya kuichukua. Mzazi hahitaji kujua kushona. Fundi naye hununua kitambaa dukani, na hahitaji kujua kufuma. Mwenye duka hahitaji kujua kulima pamba. Kila mmoja anamjua jirani yake tu, na baina yao kuna ahadi: nipe vipimo, nitakupa kanzu; nipe fedha, nitakupa mita tatu za kitambaa.

Kompyuta nayo imejengwa hivyo hivyo. Kila tabaka hutoa ahadi kwa tabaka lililo juu yake, kisha huficha namna linavyoitimiza. Aliye juu hutumia ahadi bila kujishughulisha na yaliyo chini. Wataalamu huita jambo hili udhahania, yaani kuyaacha yasiyohitajika kwa wakati huo na kubaki na yale yanayohitajika.

Lakini tukumbuke jambo moja. Kuficha si kuondoa. Mkulima wa pamba yupo, hata kama mzazi hakumwona. Pamba ikiwa mbovu, kanzu itachanika, na fundi atalaumiwa bure. Maneno haya tuyaweke akilini, kwa sababu somo zima linayazunguka.

2. MATABAKA YENYEWE KUANZIA CHINI

Tabaka la kwanza: umeme na transista. Transista ni swichi ndogo isiyo na kitu kinachosogea. Umeme mmoja huamua umeme mwingine upite au usipite. Ilivumbuliwa Desemba 1947 katika maabara za Bell huko Marekani. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista zipatazo 2,300. Prosesa ya Apple M1 ya mwaka 2020 ina transista bilioni 16. Katika tabaka hili hakuna herufi, hakuna picha wala sauti. Kuna umeme kupita na umeme kutopita. Kupita tunakuita 1, na kutopita tunakuita 0.

Tabaka la pili: milango ya mantiki. Transista chache zikiunganishwa hufanya mlango. Mlango wa NA hutoa 1 pale tu vyote viwili vinavyoingia vikiwa 1. Mlango wa AU hutoa 1 ikiwa japo kimoja ni 1. Mlango wa SI hugeuza: 1 huwa 0, na 0 huwa 1. Hesabu ya namna hii ilielezwa na Mwingereza George Boole katika kitabu chake cha mwaka 1854, na mwaka 1937 kijana Mmarekani Claude Shannon akaonyesha kwamba swichi za umeme zinaweza kuifanya. Kwa milango hii tunaweza kujumlisha, kutoa, kulinganisha na kukumbuka. Kazi yote ya prosesa hutokana na hayo.

Tabaka la tatu: lugha ya mashine. Hapa milango imekusanywa ikawa prosesa inayoelewa amri fupi fupi: chukua namba hii, jumlisha na ile, weka mahali fulani, ruka uende kwenye amri nyingine. Amri zenyewe ni namba. Ahadi ya tabaka hili ina thamani kubwa. Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta za System/360, za ukubwa na bei mbalimbali, zote zikielewa amri za aina moja. Mteja aliweza kuacha mashine ndogo akachukua kubwa bila kuandika upya programu zake. Mashine ilibadilika, ahadi ikabaki.

Tabaka la nne: mfumo endeshi, kama Windows, Linux au Android. Huu ndio msimamizi. Hugawa kumbukumbu, hupanga zamu ya kila programu, hutunza mafaili, na husema na kibodi, kioo na printa kwa niaba ya programu zote. Bila yake kila mwandishi wa programu angelazimika kujifunza kila aina ya printa iliyoko duniani.

Tabaka la tano: lugha za programu na programu zenyewe. Binadamu hawezi kuandika mamilioni ya namba bila kukosea. Ndiyo maana zikabuniwa lugha zilizo karibu na maneno ya watu, pamoja na programu za kuzifasiri ziwe amri za mashine. Lugha ya FORTRAN ilitoka mwaka 1957, na lugha ya C mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hatua zinazopangwa ndani ya programu huitwa algorithimu, neno lililotokana na jina la mwanachuoni wetu Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Vitabu vyake vya hesabu vilipofasiriwa kwa Kilatini, jina lake likatamkwa "Algoritmi".

Juu ya yote kuna yale tunayoyaona: madirisha, vitufe, maandishi na picha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Wafasiri walibadilisha maneno ya juu tu. Hawakugusa prosesa wala milango ya mantiki. Hiyo ndiyo faida ya matabaka: unatengeneza sehemu moja bila kubomoa nyingine.

3. SAFARI YA HERUFI "BA"

Sasa tufuate herufi moja. Mwanafunzi amekaa mbele ya kompyuta na anataka kuandika neno باب, yaani mlango. Anabonyeza kitufe cha herufi ب.

Hatua ya kwanza. Kitufe kinagusanisha nyaya mbili. Ndani ya kibodi kuna prosesa ndogo inayokagua vitufe vyote mara nyingi kwa sekunde. Inaona kitufe kimebonyezwa, inatuma namba yake. Katika kibodi ya USB namba hiyo ni 9. Zingatieni hapa: kibodi haijui Kiarabu wala Kiingereza. Kitufe hicho hicho kwenye kibodi ya Kiingereza kimeandikwa F, na namba yake ni 9 vile vile. Kibodi inajua mahali pa kitufe tu.

Hatua ya pili. Mfumo endeshi unapokea 9 na kujiuliza: mtumiaji amechagua lugha gani? Ikiwa amechagua Kiingereza, 9 inakuwa f, ambayo namba yake ni 102. Ikiwa amechagua Kiarabu, inakuwa ب, ambayo namba yake ni 1576. Namba hizi zinatoka katika orodha ya kimataifa iitwayo Unicode, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Nia yake ni kwamba kila herufi ya kila lugha iwe na namba yake moja, isiyogombaniwa. Kabla ya hapo kila kampuni na kila nchi ilikuwa na orodha yake, na barua iliyoandikwa huku ilisomeka vingine kule.

Hatua ya tatu. Programu ya kuandikia inaweka 1576 katika mstari wake wa namba. Mwanafunzi anaendelea na alifu, kisha ba nyingine. Sasa kuna namba tatu, zimepangwa kwa utaratibu wa kusomwa: ya kwanza kuandikwa ndiyo ya kwanza kuwekwa. Hakuna kulia wala kushoto katika kumbukumbu.

Hatua ya nne ndiyo yenye uzuri kwetu. Nyote mnajua tangu darasa la alifu, bee, tee kwamba ba ina sura nne: peke yake, mwanzoni, katikati na mwishoni. Katika باب, ba ya kwanza ina sura ya mwanzo, na ya pili ina sura ya peke yake kwa sababu alifu haishikani na inayoifuata. Katika neno حبيب, ba moja ina sura ya katikati na nyingine ya mwisho. Lakini namba iliyohifadhiwa ni 1576 kwa zote nne! Kuna sehemu maalumu ya programu inayotazama majirani wa kila herufi, ikachagua sura inayofaa, kisha ikapanga maandishi kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa hiyo herufi ni kitu kimoja, na sura ya herufi ni kitu kingine. Hayo ni matabaka mawili.

Hatua ya tano. Sura iliyochaguliwa inachukuliwa kutoka kwenye fonti. Ndani ya fonti sura imeandikwa kama pointi na mistari iliyopinda, ili iweze kukuzwa au kupunguzwa bila kuharibika. Kisha inageuzwa kuwa nukta za kioo. Kioo cha nukta 1366 kwa 768 kina nukta 1,049,088, na kila nukta ina taa tatu ndogo: nyekundu, kijani na buluu. Taa hizo zikiwaka kwa kipimo, jicho linaona ب.

Hatua ya sita. Mwanafunzi anahifadhi kazi yake. Namba 1576 inaandikwa kwa utaratibu uitwao UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson na Rob Pike. Inakuwa baiti mbili: 216 na 168. Kwa sifuri na moja ni 11011000 10101000. Hizo ndizo zinazokwenda kwenye diski, na hapo tumerudi tena kwenye umeme.

Yote haya yamepita kabla kidole hakijainuka vizuri kwenye kitufe.

4. KULITAMBUA TABAKA LENYE KOSA

Mtu anafungua faili la Kiarabu na kukuta vurugu. Wengi husema "virusi" au "kompyuta imekufa", wakatoa fedha kwa fundi, au wakafuta faili na kuanza upya. Mwenye kuyajua matabaka hutazama kwanza vurugu ni ya namna gani. Tumekusanya alama nne.

(a) Ukiona visanduku vitupu. Namba za herufi ziko salama, ila fonti iliyochaguliwa haina sura za Kiarabu. Badilisha fonti. Usifute kitu.

(b) Ukiona Ø na Ù zikijirudia rudia. Baiti ziko salama, ila zimesomwa kwa orodha ya Kizungu badala ya UTF-8. Katika orodha hiyo 216 ni Ø na 168 ni ¨, ndiyo maana ب moja imekuwa alama mbili. Fungua faili upya na uchague UTF-8, maandishi yatarudi. Usilihifadhi kabla ya kufanya hivyo.

(c) Ukiona alama za kuuliza tupu: ?????? Hapa jambo ni zito. Mara nyingi programu fulani ilishindwa kuhifadhi herufi, ikaweka alama ya kuuliza mahali pa kila moja. Namba 1576 imeondoka, imeingia 63. Kama faili limehifadhiwa hivyo, hakuna fundi atakayelirudisha kutoka hapo. Tafuta nakala ya zamani.

(d) Ukiona herufi zimekatika, kila moja imesimama peke yake, na neno limegeuka kuanzia kushoto. Namba ziko salama, fonti ni nzima, lakini programu haina ile sehemu ya kuunganisha herufi, au haijawashwa.

Hii alama ya nne tuizungumze zaidi, kwa sababu sote tumeiona. Tumeiona kwenye mabango ya Maulidi, kwenye kadi za harusi, na hata kwenye vibao vya misikiti. Neno tukufu limeandikwa kwa herufi zilizotawanyika na kugeuzwa nyuma mbele. Aliyechapa hakukusudia ubaya. Hajui kusoma Kiarabu, na programu yake ya kuchora haikuunganisha herufi. Ameona michoro ya Kiarabu, akaridhika. Fedha zimelipwa, bango limetundikwa, na jina linaloheshimiwa halisomeki.

Dawa yake iko katika tabaka lake. Si kununua kompyuta mpya, wala kubadilisha fonti kumi. Ni kutumia programu inayokubali Kiarabu, au kuwasha Kiarabu katika mipangilio yake. Wapo wanaogeuza herufi kwa mkono, moja moja, mpaka neno lionekane sawa. Hilo si tiba. Kioo kitaonyesha sawa, lakini ndani namba zimepangwa kinyume. Ukilipeleka neno hilo kwenye programu nyingine litaharibika tena, na ukilitafuta hutalipata. Zaidi ya yote, kabla ya kuchapa lolote la Kiarabu, apewe anayejua kusoma alipitie. Mwanafunzi wa madrasa mwenye umri wa miaka kumi anaweza kuiokoa kazi ya mtu mzima.

5. KOSA LIKIWA CHINI KABISA

Mara chache kosa huwa kwenye tabaka ambalo hakuna anayelitilia shaka. Mwaka 1994 Profesa Thomas Nicely wa Lynchburg College, huko Virginia nchini Marekani, aliona hesabu zake hazilingani. Hakuharakisha kulaumu. Alichunguza programu yake, akachunguza sehemu nyingine za mashine, akaziondolea shaka moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki prosesa yenyewe, Pentium ya kampuni ya Intel. Ikabainika kwamba katika jedwali la kugawanya lililomo ndani ya prosesa hiyo, nafasi tano hazikujazwa. Ukigawanya 4,195,835 kwa 3,145,727 jibu sahihi ni 1.33382 na zaidi. Prosesa ile ilitoa 1.33373 na zaidi. Desemba 1994 Intel ilikubali kumbadilishia kila aliyeomba, na gharama zikafika dola milioni 475.

Tunapata mafunzo mawili. Kwanza, programu njema haiwezi kuwa na ukweli zaidi ya tabaka linaloibeba. Pili, njia ya kumpata mkosaji ni kuchunguza tabaka baada ya tabaka bila kubahatisha.

6. "NIMEFUTA" MAANA YAKE NINI?

Wazazi, sehemu hii inawahusu sana. Mtu anauza simu ya zamani, au anampa mtu flashi au kadi ya kumbukumbu. Kabla ya kuitoa anafuta picha za familia. Anatazama, hazipo. Anaridhika.

Lakini amefuta katika tabaka lipi? Faili ni ahadi ya mfumo endeshi. Chini ya ahadi hiyo kuna orodha isemayo: picha fulani iko katika nafasi fulani. Unapofuta, mara nyingi kinachoondolewa ni mstari wa orodha tu, na nafasi ile huandikwa kuwa wazi. Picha yenyewe hubaki pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu ukadhani umechoma sura zote. Ipo programu inayosoma diski bila kutumia orodha, na hurudisha vilivyofutwa. Hata kule kusafisha kwa haraka, ambako wengi hukuita kufomati, kwa kawaida hutengeneza orodha mpya tu.

Kwa hiyo tunashauri:

- Flashi na kadi zilizowahi kubeba picha za nyumbani au hati za siri, ni bora zivunjwe kuliko kuuzwa. Bei yake ni ndogo kuliko heshima ya familia.
- Simu nyingi za miaka ya karibuni huhifadhi vitu kwa fumbo, na kuirudisha simu katika hali ya kiwandani huharibu ufunguo wa fumbo hilo. Fanyeni hivyo, msifute picha moja moja. Na kadi iliyo ndani itoeni kwanza.
- Upande wa pili wa jambo hili ni nafuu: ukifuta kazi yako kwa bahati mbaya, acha mara moja kutumia flashi ile. Usiandike kitu kipya juu yake. Huenda ikapatikana.

7. FAIDA KWA MWANAFUNZI

Huenda mtu akauliza: je, ni lazima nijue matabaka yote? Hapana. Hakuna binadamu mmoja ayajuaye yote kwa ukamilifu, na matabaka yamewekwa ili asilazimike. Lakini ni vyema kila mmoja alijue vizuri tabaka analofanyia kazi, na alifahamu kiasi lile la chini yake. Fundi cherehani hahitaji kulima pamba, lakini fundi hodari huishika pamba na kuijua nzuri na mbaya.

Anayetaka kuendelea aanze na hesabu ya sifuri na moja, kisha ajifunze lugha moja ya programu mpaka aimudu. Milango itafunguka yenyewe, inshallah.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kibodi hutuma namba 9 unapobonyeza kitufe cha ب. Ni nani anayeamua iwe ب au f?
2. Taja sura nne za ba. Kwa nini Unicode imezipa namba moja tu?
3. Ndugu yako amefungua barua akaona Ø na Ù nyingi. Utamwambia afanye nini, na asifanye nini?
4. Kuna tofauti gani kati ya visanduku vitupu na alama za kuuliza?
5. Mlango wa NA ukipewa 1 na 0 hutoa nini? Na mlango wa AU?
6. Mueleze mzazi wako, kwa maneno yako mwenyewe, kwa nini picha iliyofutwa kwenye flashi inaweza kurudi.

Majibu yaletwe kwa mwalimu wa darasa. Swali la sita lijibiwe nyumbani, na mzazi atie saini kwamba ameelewa.

Wabillahi tawfiq.